Vichwa Vyetu Havimo Kwenye Jedwali: Kwa Nini Serikali Igharamie Utafiti wa Vivimbe vya Mishipa ya Ubongo



Nimekuja na hoja moja. Naiomba Serikali yetu ya Tanzania itenge fedha zake yenyewe, kila mwaka wa bajeti, kwa ajili ya utafiti wa vivimbe vya mishipa ya damu ya ubongo, ugonjwa ambao madaktari huuita aneurizimu. Sizungumzii fedha za mfadhili anayekuja leo na kesho anafunga mradi. Nazungumzia kodi yetu, inayojadiliwa na kupitishwa na Bunge letu. Nitaanza na ugonjwa wenyewe, nieleze maarifa tunayotumia leo yalipatikana wapi na kwa fedha ya nani, nionyeshe mahali tulipoachwa nje, kisha niseme ninachokiomba.

Ugonjwa wenyewe

Damu inayolisha ubongo hupanda kwa mishipa minne mikubwa ya shingoni. Ikifika chini ya ubongo, mishipa hiyo huungana na kufanya duara, na kutoka hapo hugawanyika kwenda kila upande. Kwenye zile panda za mishipa, ukuta hupokea kishindo cha damu kwa kila pigo la moyo, usiku na mchana, miaka nenda rudi. Kwa baadhi ya watu ukuta hulegea, hutuna kidogo kidogo, na hatimaye hufanya kifuko. Vingi vya vifuko hivi ni vya milimita chache tu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zinakadiria kwamba watu wazima wapatao 3 katika kila 100 wanaishi na kivimbe cha aina hii. Wengi wao watazeeka, watacheza na wajukuu, na watafariki kwa sababu nyingine kabisa bila kujua kwamba walikuwa nacho.

Hatari iko kwa kile kinachopasuka. Damu humwagika kwenye nafasi inayouzunguka ubongo, na maumivu ya kichwa hufika kileleni ndani ya sekunde chache, kama radi. Mgonjwa ambaye bado ana fahamu atakwambia kwamba tangu azaliwe hajawahi kuumwa kichwa namna hiyo. Shingo hukakamaa, mgonjwa hutapika, mwanga humchoma macho. Wengine huanguka palepale. Kati ya theluthi moja na nusu ya wanaopasukiwa hufariki, na sehemu yao hawafiki hata mlango wa hospitali. Kati ya wanaopona, wengi hawarudi walivyokuwa: mmoja hupooza upande, mwingine hutembea vizuri lakini hesabu za duka lake mwenyewe zinamshinda.

Tena angalieni umri. Kiharusi cha kawaida huwatafuta zaidi wazee. Hiki cha kivimbe kupasuka huwapata sana watu walio kwenye miaka ya hamsini, na wanawake kuliko wanaume. Ndiye mama anayelipa ada za watoto watatu, anayemtunza mzazi wake kijijini, na ambaye kikundi chao cha vikoba kinamtegemea ashike daftari. Akianguka huyo, nyumba nzima imeanguka.

Tunajua baadhi ya yanayoongeza hatari: presha isiyodhibitiwa, sigara, kuwa na ndugu wa damu wawili au zaidi waliowahi kuugua, na ugonjwa wa kurithi unaojaza figo vifuko vya maji. Upande wa presha hatuko salama hata kidogo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hapa Tanzania watu 26 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Mwenzetu akianguka ghafla mtaani, wanaomzunguka husema presha imempanda, au katupiwa jini. Mazishi hufanyika siku hiyohiyo au kesho yake, na mara nyingi sababu ya kifo haiandikwi popote. Mtu huyo ametoka duniani bila kuhesabiwa.

Maarifa haya yalilipiwa na nani

Mwaka 1927 Egas Moniz, akiwa Lisbon, alifanikiwa kupiga picha ya mishipa ya ubongo wa mtu aliye hai. Mwaka 1937 Walter Dandy, huko Baltimore, alifungua fuvu na kukibana kivimbe shingoni mwake kwa klipu ya madini ya fedha. Mwaka 1990 Guido Guglielmi na wenzake huko Los Angeles walianza kutibu wagonjwa kwa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi kichwani, na kukijaza kivimbe koili laini za platinamu bila kufungua fuvu.

Hapo likazuka swali ambalo kila familia ingeuliza: ipi bora, klipu au koili? Mpasuaji aliyezoea klipu alisifu klipu. Kampuni inayouza koili haiwezi kuwa hakimu wa koili. Ilibidi apatikane mlipaji asiye na upande, na aliyejitokeza ni Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambalo fedha zake ni za walipakodi wa nchi ile. Wagonjwa 2,143 waliopasukiwa walipangwa kwa bahati nasibu, hawa klipu, hawa koili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa wamefariki au wasioweza kujitegemea walikuwa asilimia 30.6 upande wa klipu, na asilimia 23.7 upande wa koili. Tofauti ilikuwa wazi kiasi kwamba usajili wa wagonjwa ulisimamishwa kabla ya wakati wake. Kwa lugha ya nyumbani, katika kila wagonjwa 100 wa aina ile, takriban saba zaidi waliweza kuoga, kula na kuvaa wenyewe. Tangu hapo matibabu yalibadilika dunia nzima.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi: kivimbe kimeonekana kwa bahati kwenye kipimo na hakijapasuka, je, kiguswe au kiachwe? Kugusa ubongo kuna hatari zake. Jibu lilitafutwa kwa fedha za Serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya taifa ya magonjwa ya mishipa ya fahamu na kiharusi. Wagonjwa 4,060 kutoka vituo 61 vya Marekani, Kanada na Ulaya waliingizwa kwenye taarifa iliyotoka mwaka 2003, wakafuatiliwa kwa miaka. Ilibainika kwamba vivimbe vidogo vya sehemu ya mbele ya ubongo, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuja damu, hupasuka mara chache sana kuliko ilivyodhaniwa. Watu wengi wakaepushwa na kisu wasichokihitaji.

Nawaomba mlitazame jambo hili kwa makini. Utafiti unaomwambia daktari amwache mgonjwa asimpasue, mwisho wake hauna bidhaa ya kuuza. Hakuna kampuni itakayoulipia. Ni wa manufaa kwa wote, na kitu cha manufaa kwa wote hulipiwa na hazina ya wote. Barabara tunajenga kwa msingi huo, na ulinzi wa mipaka yetu vilevile.

Finland wanatupa funzo jingine. Nchi ile huweka kumbukumbu za kitaifa za wagonjwa na za vifo kwa uangalifu mkubwa. Kwa kuzisoma kumbukumbu hizo, watafiti waliona kwamba kati ya mwaka 1998 na 2012 visa vya damu kuvuja kuzunguka ubongo vilipungua kwa takriban robo, sambamba na kupungua kwa uvutaji wa sigara. Kwa hiyo waziri wa afya wa kule akitaka kujua kama sera ya tumbaku inaokoa vichwa vya watu wake, yapo madaftari ya kumjibu. Wa kwetu akiuliza, atajibiwa na nani?

Jedwali ambalo hatumo

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa jioni hii.

Mwaka 2014 ulichapishwa mfumo wa alama unaoitwa PHASES, unaotumiwa na madaktari kukadiria uwezekano wa kivimbe kupasuka ndani ya miaka mitano. Ulitengenezwa kutokana na takwimu za watu 8,382 waliofuatiliwa katika tafiti sita. Daktari anajumlisha alama za vitu sita: jamii ya mgonjwa, presha, umri, ukubwa wa kivimbe, kama aliwahi kuvuja damu kutokana na kivimbe kingine, na mahali kivimbe kilipo. Ni kazi nzuri, na mimi naiheshimu.

Tuchukue mfano. Yuko mwanamke wa miaka 50, ana presha, na kipimo kimeonyesha kivimbe cha milimita 6 pale mshipa mkuu wa shingoni unapotoa tawi la kuunganisha nyuma. Presha anapata alama 1. Umri hauna alama kwa kuwa hajafika 70. Ukubwa hauna alama kwa kuwa haujafika milimita 7. Hajawahi kuvuja damu, kwa hiyo hapo napo sifuri. Mahali kilipo anapata alama 4. Jumla ni 5.

Imebaki mstari mmoja tu: jamii. Akiwa wa Ulaya, mbali na Finland, au Amerika ya Kaskazini, haongezewi kitu. Alama zake zinabaki 5, na hatari yake kwa miaka mitano ni asilimia 1.3. Akiwa Mjapani anaongezewa 3. Akiwa Mfini anaongezewa 5, alama zinafika 10, na hatari inapanda hadi asilimia 5.3. Mwanamke yuleyule, kivimbe kilekile, presha ileile, na hatari imezidi mara nne.

Je, akiwa ametoka Tabora? Au Pangani? Au Micheweni? Jedwali halina mstari wake. Tafiti zile sita zilifanyika Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Japani, na Afrika haimo hata kwa kituo kimoja. Daktari wa Dar es Salaam anayeketi na mwanamke huyu na mume wake hana budi kuchagua: amhesabu kama Mzungu, amhesabu kama Mfini, au akisie. Kwa uamuzi huo familia itauza shamba au itaacha, itakubali fuvu lifunguliwe au itaishi na hofu. Na uamuzi wenyewe unasimama juu ya takwimu za watu wa mahali pengine.

Sidai kwamba hatari yetu ni kubwa kuliko ya wenzetu, wala sidai kwamba ni ndogo. Huwezi kudai lolote juu ya jambo ambalo hukulipima. Ninachosema ni kwamba kulipima ni wajibu wetu, kwa sababu wenye jedwali walijipima wenyewe, kwa fedha zao, kwa ajili ya watu wao, na hawakutukosea.

Tunaweza, na tumeshaonyesha

Wapo watakaosema kazi hii imetuzidi kimo. Nawakumbusha wilaya ya Hai, kule Kilimanjaro. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Watanzania na wenzao kutoka Uingereza walihesabu visa vya kiharusi kwa miaka mitatu, kule Hai na katika sehemu ya jiji la Dar es Salaam. Hawakukaa hospitalini kusubiri wagonjwa waje. Walikuwa na watu wao ndani ya jamii, wanaojua kaya zinazowazunguka na wanaotoa taarifa mtu akipatwa. Kwa aliyefariki kabla timu haijamwona, waliketi na wafiwa na kuwauliza kwa utaratibu maalumu: alianzaje, alilalamika nini, upande upi ulilegea, ilichukua muda gani. Kwa subira hiyo vilipatikana visa 636.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na visa vipya 108.6 kwa mwaka katika kila watu 100,000, na Dar es Salaam 315.9. Idadi ile ya Dar es Salaam ilikuwa miongoni mwa idadi kubwa zilizowahi kuripotiwa duniani. Kabla ya hapo, nani alijua? Ugonjwa ulikuwepo, makaburi yalikuwepo, takwimu ndiyo haikuwepo.

Lakini fedha za kazi ile zilitoka mfuko wa Wellcome Trust wa London. Tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, mradi wa mgeni una tarehe ya kwisha, na ikifika, wadodosaji wanarudi mashambani, magari yanagawanywa, na hesabu inasimama. Ugonjwa wa mishipa hauna tarehe ya kwisha.

Tazameni pia Bagamoyo. Chanjo mbili za malaria ambazo Shirika la Afya Duniani limezipendekeza, ile ya mwaka 2021 na ile ya mwaka 2023, zote zilijaribiwa pale na Taasisi ya Afya Ifakara, pamoja na vituo vingine vya Afrika. Watafiti wa Kitanzania wanajua kufuatilia maelfu ya watoto kwa miaka bila kuwapoteza. Wanaoweza kazi hiyo hawawezi kushindwa kufuatilia wagonjwa wa mishipa ya ubongo.

Na matibabu yapo. Katika MOI, taasisi ya mifupa na upasuaji wa ubongo pale Muhimbili, kivimbe kinaweza kutibiwa kwa kufungua fuvu, na upo mtambo wa kuingia kichwani kupitia mshipa wa paja. Kila mgonjwa anayepita pale ni somo. Asipoandikwa kwa utaratibu na kufuatiliwa akirudi kwao, somo hilo linapotea, nasi tutakuwa tumelipia matibabu bila kuvuna elimu.

Wanaosema kuna mengine ya haraka

Nawajua wanaouliza, tena kwa nia njema: mama wajawazito bado wanafariki, malaria bado ipo, dawa zinakwisha kwenye zahanati, je, huu ni wakati wa kutafiti ugonjwa wa wachache? Swali hili ni la haki, na nitalijibu.

Kwanza, siombi mtu apokonywe dawa ya malaria. Daftari la kitaifa la wagonjwa, watumishi wa kulitunza, simu za kuwafuatilia waliotoka wodini na gharama za vipimo kwa wasio na uwezo ni kazi ya bei nafuu ukilinganisha na kununua mitambo au kumpeleka mgonjwa mmoja mmoja nje ya nchi kwa fedha za Serikali, jambo tulilolifanya kwa miaka mingi.

Pili, atakayeandika waliopasukiwa kivimbe atakuwa amewaandika wote waliovuja damu kichwani, pamoja na wale wengi ambao chanzo chao ni presha peke yake. Utafiti wa ugonjwa mmoja utafungua macho yetu kwa kiharusi chote.

Tatu, ahadi tulishaitoa. Mwaka 2006 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kwamba kila nchi itumie angalau asilimia 1 ya pato lake la taifa kwa utafiti na maendeleo ya sayansi. Jirani zetu Kenya, katika sheria yao ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, waliandika asilimia 2 kwa ajili ya mfuko wao wa taifa wa utafiti. Kuandika ni hatua ya kwanza tu, lakini kilichoandikwa kinaweza kudaiwa. Sisi tunayo taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, tangu mwaka 1979 na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Vyombo vipo. Kinachohitajika ni fedha iliyotajwa kwa jina.

Msidhani kudai ni jambo la maskini peke yao. Marekani, yenye bajeti kubwa kuliko zote ya utafiti wa tiba, wapo wazazi na manusura ambao kwa miaka wamekuwa wakienda kwenye ofisi za wabunge wao kuomba fedha za ugonjwa huu huu. Muswada wanaoutetea umebeba jina la binti wa miaka 14 aliyefariki mwaka 2014, na umepelekwa kwenye Bunge lao zaidi ya mara moja. Ikiwa wao hawaoni haya kuomba, sisi tunaona haya ya nini?

Ninachokiomba

Kwanza, Wizara ya Afya ianzishe daftari la kitaifa la wagonjwa waliovuja damu kichwani na waliokutwa na vivimbe, kuanzia hospitali kubwa za MOI, KCMC na Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda Mbeya na Benjamin Mkapa Dodoma, kwa kushirikiana na Mnazi Mmoja kule Unguja. Taarifa za wagonjwa zilindwe kama inavyotaka sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022.

Pili, COSTECH ipewe fungu maalumu la utafiti wa mishipa ya ubongo, lisilopungua kwa miaka isiyopungua kumi. Kivimbe hakitoi majibu kwa mwaka mmoja wa fedha.

Tatu, Serikali iwalipe madaktari na wauguzi muda wa kutafiti. Mtu anayeona wagonjwa tangu asubuhi mpaka usiku hawezi kuandika kitu baada ya hapo, hata awe na akili ya namna gani.

Nne, kazi ya Hai irudishwe, safari hii kwa kodi yetu: wadodosaji wapite kwenye kaya na kuuliza waliokufa ghafla walikufa vipi, mijini na vijijini, Bara na Visiwani.

Waheshimiwa wabunge, msimamo huu mnaweza kuuingiza kwenye mjadala wa bajeti ijayo. Ulizeni Wizara ni shilingi ngapi imetenga kwa utafiti wa mishipa ya ubongo, na msikubali jibu la jumla. Ninyi wanafunzi, chagueni eneo hili, lina maswali mengi ambayo hayajaguswa. Nanyi wananchi, pimeni presha, acheni sigara, na mkisikia mtu analalamika kichwa kimempata ghafla kwa namna ambayo hajawahi kuiona, mkimbizeni hospitali saa ileile.

Watu wa Tabora, wa Pangani na wa Micheweni wanastahili mstari wao kwenye jedwali. Mstari huo hautaandikwa na mgeni. Utaandikwa na sisi, kwa fedha zetu, na nawaomba tuanze kuudai kuanzia kikao kijacho cha bajeti.